Dawa za kuweka nyumbani na mafua yanayogoma kuisha: maswali ya kila msimu wa baridi Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Mei mpaka Agosti, wateja wengi wa duka la dawa huku kwetu huja na shida ileile: mafua, kifua kubana, mwili kuuma, kikohozi kisichotaka kuondoka. Maswali nayo hayatofautiani sana, yawe yameulizwa Mwanjelwa, Mafinga au Makete. Tumeyakusanya hapa. Majibu yanamhusu mtu mzima mwenye afya ya kawaida, isipokuwa pale tulipotaja vingine. Watoto, wajawazito na wenye magonjwa sugu wana sehemu yao mwishoni, na kama wewe ni mmoja wao anza huko.

## Kabati la dawa

1. Nyumbani niweke dawa gani?

Chache kuliko unavyodhani. Weka parasetamoli ya vidonge, na ya maji kama una mtoto mdogo. Weka pakiti kadhaa za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki kama kuna mtoto wa chini ya miaka 5. Ongeza dawa moja ya mzio kama setirizini, asali halisi, chumvi, plasta, gozi, bandeji na dawa ya kusafishia kidonda. Halafu kipimajoto cha dijitali. Hiki watu hukiona cha anasa, lakini kiganja cha mama aliyetoka kufua kwa maji ya baridi ya Njombe kikigusa paji la uso, kila mtoto ana homa.

Kama kuna mtu anayetumia dawa za kila siku, za presha, kisukari, pumu, kifafa au ARV, akiba yake isipungue wiki mbili. Hiyo ni muhimu kuliko vyote vilivyotajwa hapo juu. Mvua ikikata barabara, mafua yatasubiri, presha haitasubiri.

2. Mbona kwenye orodha hamkuweka antibayotiki?

Kwa makusudi. Mafua, homa ya mafua (influenza), UVIKO na sehemu kubwa ya vikohozi vya msimu huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ukimeza boksi zima. Mteja anaingia anasema, "Daktari, nipe azuma tatu na panadol," (azuma ni antibayotiki, azithromaisini), anameza, siku ya nne anapata nafuu, anaamini azuma ndiyo iliyomponya. Siku ya nne angepata nafuu hata angekunywa uji mtupu.

Anachobaki nacho ni bakteria wa mwilini mwake waliokwisha kuizoea dawa. Siku atakapopata nimonia ya kweli, dawa ya bei nafuu inaweza isimsaidie tena. Na zile amoksilini tano zilizobaki kwenye droo tangu mwaka jana hazitoshi kutibu chochote, zinatosha tu kuwafundisha bakteria. Antibayotiki inunuliwe kwa cheti cha daktari, kwa ugonjwa uliothibitishwa, na imezwe kama ulivyoandikiwa.

3. Parasetamoli nimeze ngapi, na mara ngapi?

Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima humeza 1 au 2 kwa mara moja, na kabla ya kurudia zipite saa 4 mpaka 6. Ndani ya saa 24 usivuke vidonge 8. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye tatizo la ini na mnywaji wa kila siku wanatakiwa kutumia pungufu ya hapo, kwa hiyo wamuulize mtoa dawa kwanza.

Kosa tunaloliona sana si la mtu kumeza 10 kwa pupa. Ni la kuchanganya bila kujua. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vina parasetamoli ndani yake, na zipo diklofenaki zilizounganishwa na parasetamoli pia. Mtu anameza 2 za panadol, 2 za mafua na 1 ya mgongo, kisha anarudia mara tatu. Geuza boksi usome kilichomo. Ini likiumizwa na parasetamoli halipigi kelele siku ya kwanza: mtu anaweza kujisikia vizuri kwa siku nzima au zaidi huku madhara yakiendelea. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuumwa.

4. Ibuprofeni au diklofenaki si zina nguvu zaidi?

Kwa maumivu ya misuli zinasaidia, ila zina masharti. Zimezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo, presha ya juu au moyo asizitumie bila ushauri. Aliyeishiwa maji mwilini kwa homa na kutapika aziache pia, maana hapo ndipo figo huumia. Kwa mafua ya kawaida parasetamoli inatosha.

5. ORS ya nini wakati siharishi?

Mtu mwenye homa hutoka jasho na hapendi kula wala kunywa. ORS kidogokidogo humrudisha, hasa mzee. Pakiti moja huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1, na ikipita siku moja imwagwe. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi kwa kukisia, ikizidi ni hatari, zaidi kwa mtoto.

## Kununua na kutunza

6. Nitajuaje kama duka ni halali?

Angalia ukutani. Famasi na duka la dawa muhimu, yaani DLDM, lazima liwe na kibali kilichotundikwa mahali unapoweza kukisoma, na mtoa dawa awe amesomea. Mpango wa DLDM ulianzia kwa majirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, ndiyo maana leo hata senta ndogo za vijijini zina duka lenye mtu aliyefundishwa. Dawa za mnadani, za kwenye basi na za kwenye begi la mtu anayepita nyumba kwa nyumba ziache, hata akiwa na kipaza sauti.

Jambo jingine dogo: ukinunua vidonge vichache, muuzaji hukata kipande cha pakiti kwa mkasi, na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki kwenye kipande chake. Mwambie akuonyeshe boksi, kisha aandike kwa kalamu kwenye bahasha yako jina la dawa, nguvu yake na tarehe hiyo. Muuzaji mzuri hatakasirika. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kile kidonge cheupe kilikuwa cha nini.

7. Huku ni baridi, kwa hiyo dawa haziharibiki?

Joto si adui yetu mkubwa, ingawa walio Pawaga, Idodi, Kyela na Mbarali wana habari tofauti. Adui wetu ni unyevu. Tukuyu mvua inaweza kunyesha wiki nzima, nguo hazikauki, na dawa iliyowekwa wazi hunyonya unyevu huohuo. Jikoni ndiko kubaya zaidi: mvuke wa kande asubuhi, moshi wa kuni jioni. Dirishani nako jua la mchana hupiga moja kwa moja, hata kama kivulini unatetemeka.

Tumia kopo lenye mfuniko unaobana, liweke chumbani juu ya kabati ambako mtoto hafiki hata akipanda kiti. Vidonge viache kwenye pakiti zake mpaka saa ya kumeza. Ukiona kidonge kimebadilika rangi, kimelainika au kinatoa unga, au ORS imegeuka jiwe, tupa. Jokofu ni kwa dawa zilizoandikwa ziwekwe kwenye jokofu, kama insulini.

8. Tarehe imeisha mwezi uliopita tu. Nitupe?

Ndiyo. Ikiandikwa mwezi na mwaka bila siku, dawa ni halali mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, basi. Zilizoisha muda zirudishe duka la dawa au kituo cha afya ziteketezwe kwa utaratibu. Usizitupe chooni, mtoni wala jalalani ambako watoto wanaokota.

9. Dawa ya maji iliyobaki baada ya mtoto kupona?

Antibayotiki ya unga ikishachanganywa na maji hukaa siku chache tu. Amoksilini kwa kawaida ni siku 7, na baadhi ya aina zikiwekwa kwenye jokofu hufika 14. Soma chupa. Ya kuhifadhia mdogo wake haipo, tazama swali la 2. Dawa nyingi za matone ya macho hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa.

## Siku za kwanza za kuumwa

10. Nimeamka na homa, mafua, kichwa na viungo vinauma. Nianze na nini?

Anza na kujiuliza ulikuwa wapi. Njombe, Makete na Mufindi malaria ni chache sana kwa sababu ya baridi, na wakazi wake huisahau. Lakini kama ndani ya mwezi mmoja uliopita ulishuka Kyela kwenye msiba, ulienda Mbarali kwenye mpunga, au umerudi kutoka Dar es Salaam, nenda ukapime malaria kabla ya jambo lolote. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na majibu ni ndani ya dakika 20 hivi. Na kinyume chake: usimeze dawa ya mseto ya malaria "kwa tahadhari" bila kupima.

Kama si malaria na huna dalili za hatari (swali la 23), kazi yako ni ndogo na ngumu: pumzika, kunywa, tuliza homa kwa parasetamoli, kaa mbali na mzee na mtoto mchanga. Vaa barakoa ukilazimika kuwahudumia. Fungua dirisha mchana japo kwa saa moja. Rudi kwenye watu homa ikiwa imekata kwa saa 24 bila kusaidiwa na dawa.

11. Sindano au dripu si ingenimaliza haraka?

Hakuna sindano inayomaliza mafua. Dripu ni ya mtu asiyeweza kunywa; anayeweza kushika kikombe anapata maji yaleyale kwa kunywa, bila tundu mkononi. Tunajua watu huku wanaamini hawajatibiwa mpaka wachomwe, na wapo watoa huduma wanaowachoma ili wasiwapoteze wateja.

Wengine huomba vile vidonge vidogo alivyopewa jirani, akaanza kula na kuchangamka siku hiyohiyo. Mara nyingi ni prednisoloni au deksamethasoni. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake, pumu kwa mfano, lakini zikimezwa ovyo hufunika dalili, hupandisha sukari na presha, hupunguza kinga na zinaweza kuiamsha TB iliyolala. Usimeze bila daktari.

12. Kujifukiza, tangawizi, limao, kitunguu swaumu: zinasaidia?

Zinatuliza. Virusi haziui. Chai ya tangawizi na limao hulainisha koo na hukufanya unywe maji mengi bila kujilazimisha, na hilo peke yake ni jema. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha usiku, ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Kusukutua koo kwa nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu ni bure na kunasaidia.

Kujifukiza tumekufanya sana tangu 2020. Mvuke hufungua pua kwa muda. Ila tumeona waliopona mafua wakabaki na kidonda cha moto: sufuria limepinduka chini ya blanketi, mapaja yameungua. Beseni liwe sakafuni au juu ya meza imara, moto ukiwa umeshazimwa, na mtoto asifunikwe. Ulanzi na komoni si dawa ya kifua, na pombe pamoja na parasetamoli nyingi ni mzigo wa ini (swali la 3).

13. Baridi ni kali, naweza kulala na jiko la mkaa chumbani?

Hapana. Hata likiwa limebaki makaa tu, hata kama umeacha mlango wazi kidogo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi huua watu waliofunga madirisha vizuri. Mgonjwa ndiye huwekewa jiko kwa huruma, na yeye ndiye hana nguvu ya kuamka.

Sumu hii pia hujifanya mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Kama nyumba nzima mnaamka na kichwa na kinapoa mkitoka nje, jiko ndilo la kulaumiwa. Toeni kila mtu nje, mwende hospitali. Kwa baridi tumia blanketi la ziada, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa. Ota moto jikoni jioni, kisha ulale bila jiko.

14. Yanatakiwa kuisha kwa siku ngapi?

Mafua ya kawaida ni siku 7 mpaka 10. Homa ya mafua huchoma siku 3 mpaka 5, kisha huacha uchovu wa wiki moja au mbili. Kikohozi ndicho huchelewa kuliko vyote, wiki 3 si ajabu. Angalia zaidi mwelekeo: ukipata nafuu, halafu homa ikarudi kwa nguvu na kifua kikaanza kuchoma, hayo si mafua tena. Nenda ukapimwe nimonia.

## Ugonjwa unapogoma

15. Homa imekata lakini nakohoa wiki ya tatu sasa. Ni kawaida?

Inaweza kuwa kawaida, na bado unatakiwa kupima. Virusi huchubua njia ya hewa, na mpaka ipone kila kitu huichokoza: hewa ya baridi ya alfajiri, vumbi, moshi, hata kucheka. Kikohozi kikavu cha namna hii kinaweza kuburuta mpaka wiki 8 na kuondoka chenyewe.

Tatizo ni kwamba kifua kikuu huanza kwa sura hiyohiyo. Utaratibu wa nchi ni kwamba anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi achunguzwe TB. Unatoa makohozi, yanapimwa, na kwenye vituo vya serikali kupima na kutibiwa ni bure. Usisubiri ukohoe damu. Jasho la usiku, kupungua uzito na homa za jioni huongeza haraka ya kupima, na ndivyo ilivyo kwa aliyewahi kuishi na mgonjwa wa TB au kufanya kazi kwenye machimbo kama ya Chunya, maana vumbi la mwamba hudhoofisha mapafu kwa miaka mingi.

Watu hukwepa kipimo kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni ile. Tunawaelewa, mji ni mdogo. Lakini TB inayotibiwa mapema humalizika kwa dozi ya miezi 6, na mgonjwa huacha kuwaambukiza wanawe mapema zaidi ya hapo.

16. Kama si TB, nitulize vipi kikohozi?

Asali na maji ya vuguvugu (swali la 12). Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili. Ukitoka alfajiri, zungushia skafu mdomo na pua ili hewa iingie ikiwa na joto. Dereva wa bodaboda anayeshuka Mlima Nyoka saa kumi na mbili asubuhi anajua tunachosema. Ikiwezekana mtu mwingine apike kwenye kuni kwa wiki chache, na sigara ni marufuku ndani ya nyumba.

Dawa za chupa za kikohozi faida yake ni ndogo. Zenye kodeini usitumie bila daktari. Ukikohoa kwa mluzi kifuani, hasa usiku, uliza kuhusu pumu.

17. Nimepona wiki kadhaa zilizopita, lakini nikifanya kazi kidogo naanguka kitandani siku mbili. Nina nini?

Uchovu wa baada ya virusi ni ugonjwa wa kweli, na unajulikana tangu kabla ya UVIKO. Shirika la Afya Duniani linahesabu hali ya baada ya UVIKO pale dalili zinapokuwepo kwa kawaida miezi 3 tangu kuugua, zikiwa zimedumu angalau miezi 2: uchovu, kupumua kwa shida, kusahausahau. Virusi vingine navyo huacha mkia wa namna hii.

Kwanza ondoa sababu nyingine. Pima wingi wa damu, sukari, VVU, TB, ujauzito kwa mwanamke, na tezi ya shingoni (thairoidi) ikiwezekana. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu au kuzimia havisubiri, kwa sababu virusi vingine hugusa misuli ya moyo.

Vipimo vikiwa safi, tiba ni kupanga nguvu. Hapa wakulima wetu hukosea kwa namna moja. Siku ya kwanza ya kujisikia vizuri mtu anaingia shamba la viazi, analima kufidia siku alizolala, jioni anajisifu. Kesho yake bado yuko sawa. Keshokutwa hawezi kuinua kikombe. Kwa kuwa adhabu huja imechelewa, haihusishi na jembe, anasema ugonjwa umerudi, anarudi dukani kutaka azuma.

Fanya hivi: tafuta kiasi cha kazi ambacho ukikifanya leo, kesho na keshokutwa unabaki vilevile. Kinaweza kuwa kidogo cha kuaibisha, kama kufagia uani na kukaa. Kaa hapohapo kwa siku kadhaa, siku nzuri usizidishe na siku mbaya upunguze. Kisha ongeza kidogo. Pumzika kabla ya kuchoka. Kazi za kusimama zifanye umekaa: kumenya viazi, kuosha vyombo, kupiga pasi. Anayechuma chai Mufindi au kubeba mbao Mafinga aombe kazi nyepesi kwa muda, na daktari anaweza kumwandikia cheti cha mapumziko. Ukiona kila ukiongeza unaanguka, usijilazimishe kwa mazoezi, rudi kwa daktari.

18. Ndugu wanasema nategea kazi, wengine wanasema nimetupiwa kitu.

Wape jibu la swali la 17 wasome. Uchovu hauonekani kama bandeji, ndiyo maana hauaminiwi. Anayetaka kuombewa aombewe, ila asiache dawa zake wala asinywe miti asiyoijua, kwa sababu baadhi huumiza figo na ini lililokwisha kuchoka.

19. Nile nini nirudishe nguvu?

Vyakula vya huku vinatosha: uji wa ulezi wenye maziwa, maharage, mayai, parachichi, mboga za majani, ndizi, dagaa. Hamu ikiwa ndogo, kula kidogo mara nyingi. Vidonge vya vitamini vya bei mbaya si lazima kwa anayekula hivi. Fedha hiyo nunua mayai.

20. Pua haijarudi kunusa.

Kwa wengi hurudi yenyewe, wakati mwingine kwa miezi. Unaweza kuizoeza: harufu nne, mfano limao, karafuu, kahawa na tangawizi, kila moja sekunde 20 asubuhi na jioni, ukifikiria harufu hiyo unavyoikumbuka. Wakati huo mwombe mwingine anuse gesi ya jikoni na chakula cha jana.

## Hali za pekee

21. Mtoto wangu ana mafua. Nimpe nini?

Parasetamoli ya maji kwa uzito, si kwa umri wa kukisia: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 mpaka 6, isizidi mara 4 kwa siku. Chupa ya miligramu 120 kwa mililita 5 ikitumika, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa, vijiko vya chai havilingani. Asipewe aspirini wala dawa za kikohozi za wakubwa. Dawa ya kupaka yenye kafuri isitumike kwa aliye chini ya miaka 2, wala isipakwe puani.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi ni nyingi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi ni nyingi. Mbavu za chini zikizama ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, ondoka naye sasa hivi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, yaani 37.5 au zaidi kwapani, haangaliwi nyumbani.

22. Mjamzito, mwenye VVU, kisukari au presha afanye nini tofauti?

Mjamzito atumie parasetamoli kwa kiasi, aepuke ibuprofeni na diklofenaki, na awahi kliniki kwa homa yoyote. Homa ya mafua humwendea vibaya kuliko wengine.

Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza kwa kiwango cha VVU nchini kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, kwa hiyo hili halimhusu mtu mmoja kijijini. Anayeishi na VVU hangoji wiki 2 za swali la 15: kikohozi chochote, hata cha siku mbili, akitaje CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU. ARV haziachwi kwa sababu ya mafua. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi akiugua na aangalie dawa za chupa zenye sukari. Mwenye presha aepuke vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, huipandisha.

23. Tunakaa mbali na zahanati. Nitajuaje wakati wa kuondoka?

Kushindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, maumivu makali ya kifua, kukohoa damu, kutokojoa tangu asubuhi, au homa inayopita siku 3 bila kushuka. Moja tu inatosha.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia kwenye kijiji kilicho mbali. Pasha mkono joto kwanza, futa rangi ya kucha na chagua kidole kisicho na hina, la sivyo kitadanganya. Kwenye miinuko yetu mtu mzima wa afya anaweza kusoma asilimia 94 au 95 akawa salama. Ikibaki chini ya 94 na mgonjwa anahema, mpeleke; chini ya 90 mpeleke hata akisema yuko sawa.

Kama ni Ludewa au Makete wakati wa mvua, ondokeni mapema kungali mwanga, msisubiri azidiwe usiku. Chukueni kadi ya bima, kadi ya kliniki, maji, blanketi, na pakiti za dawa zote alizomeza, hata zilizokwisha. Daktari wa zamu atauliza hizo pakiti kabla ya kitu kingine.

24. Mtoto anarudi shule ya bweni. Nimfungashie dawa?

Zile anazotumia kwa maradhi yake, pamoja na maelekezo ya maandishi, mkabidhi matroni au patroni. Usimwekee parasetamoli mia kwenye tranka, watagawana bweni zima. Mfungashie sweta la pili, soksi, chupa ya maji yake mwenyewe, na namba ya simu mnayoipokea usiku. Kama ametoka tu kuugua, andika barua aondolewe mchakamchaka wa alfajiri kwa wiki mbili.